Mistari yangu kwenye dumu la baba mkubwa

Dumu lilikuwa la lita 5, la mafuta ya kula, nimelisugua mwenyewe kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka likaacha kuteleza mkononi. Nikachukua maka peni nyeusi ya dukani kwangu nikachora mistari mitano ubavuni. Saa 2. Saa 4. Saa 6. Saa 8. Saa 10. Jioni nikampelekea baba mkubwa barazani kwake, hapa hapa Bagamoyo, mwezi wa pili, kaskazi imelala na joto lile la kuku kutembea midomo wazi, nikamwambia baba mkubwa, kila muda ukifika maji yawe yameshuka mpaka kwenye mstari wake, ukirudi nyumbani dumu liwe tupu.

Akacheka. "Mwanangu, yaani maji nayo unanipangia saa kama dawa?"

Nikamwambia maji ndiyo dawa yenyewe.

Siku ya kumi na moja nilipita kumsalimia, shikamoo baba mkubwa, akaitikia vizuri tu, halafu akaniita kwa jina la marehemu baba yangu na kuniuliza kama ngalawa imesharudi.

Baba yangu hakuwahi kuwa na ngalawa.

## Mtaalamu wa steshenari

Mimi nina steshenari. Napiga kopi, naprinti, nalamineti, natengeneza kadi za harusi. Nawaambia mapema ili mjue kwamba elimu yangu ya mwili wa binadamu imetoka sehemu mbili, baiolojia ya kidato cha nne, ambayo matokeo yake tusiyazungumzie, na mabango ya watu wanayoniletea niwaprintie. Lile la "Kunywa maji glasi nane kila siku" nimeliprinti mara nyingi mpaka nikaanza kujiona kama nimelitunga mimi.

Baba mkubwa ana miaka 63. Kazi yake ni chumvi, kule Nunge, kwenye mashamba ya chumvi, tangu mimi sijazaliwa. Ana presha. Vidonge anapewa kliniki, kimoja ni kile cha kukojosha, na akaambiwa apunguze chumvi kwenye chakula, agizo ambalo kwenye ukoo wetu limegeuka utani, maana mtu anashinda amesimama ndani ya chumvi mpaka vifundo vya miguu halafu akirudi nyumbani anawekewa samaki wa chukuchuku asiye na hata punje.

Mwisho wa mwezi wa kwanza akaanza kulalamika kichwa kizito, na mkojo umeiva kama chai ya mkandaa. Hapo sikukosea jamani, na hili nimelirudia kichwani usiku mwingi. Mtu anakwangua chumvi juani kutwa nzima, mkojo wake ukiwa na rangi ile, mwili unaomba maji. Ningesema tu "baba mkubwa ongeza maji kidogo" nadhani leo nisingekuwa naandika.

Ila mimi nikaenda na maka peni.

Na mambo yalikuja polepole. Wiki ya kwanza kichwa kikapoa, mkojo ukawa mweupe, nikapiga kifua. Baadaye kichwa kikarudi, nikasema hajamaliza dumu. Akawa hataki kula, ugali anausukuma, anakubali chai na embe na uji mwepesi tu, nikasema joto hilo. Akapata kichefuchefu, nikamnunulia madafu mawili kwa siku, tena nikijisifu kwamba dafu ndiyo dripu ya Mungu. Mama mkubwa akasema mbona mzee anatembea kama yuko kwenye mashua? Nikasema ni uzee na uchovu, kunywa maji baba mkubwa.

Kila dalili niliijibu kwa maji.

## 116

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema malaria imepanda kichwani, kipimo kikatoka hakuna. Mwingine akasema amekumbwa na kitu huko chumvini mchana wa saa saba, na kwa hapa kwetu hilo si neno la kuchekwa. Tukampakia kwenye bajaji, na pale pale kwenye benchi la hospitali, jina lake kamili halijamaliza kuandikwa, degedege likamshika. Mtu mzima wa miaka 63. Nilikuwa nadhani degedege ni la watoto.

Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo kwa umri kuliko mimi. Baada ya kutulia akaanza maswali. Anatumia dawa gani, tukamwonyesha vidonge. Anakula? Hali. Akauliza na anakunywa maji kiasi gani kwa siku?

Mimi ndiye niliyejibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo ilivyokuwa na fahari. "Lita 5 daktari, hajawahi kukosa, na madafu juu."

Akaacha kuandika.

Damu ilipopimwa sodiamu ilikuwa 116. Kawaida inatakiwa iwe kati ya 135 na 145, milimoli kwa kila lita. Sodiamu ndiyo ile nusu ya chumvi ya mezani, nusu nyingine ni kloraidi. Nikamwuliza daktari sasa mtu anayeishi kwenye chumvi anaishiwaje chumvi?

"Chumvi anayo," akasema. "Iliyotoka imetoka, ila shida kubwa ni maji. Amezidiwa na maji."

Sikuelewa. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa, lakini sikuelewa, na nafikiri hapo ndipo kilipoanza hiki kitu cha kunikosesha usingizi. Nilikuwa nimekwenda nikiwa na akili kwamba maji hayawezi kumdhuru mtu. Yakizidi si anakojoa?

## Maji ni maji, andika

Kwanza walimtundikia dripu ndogo ya chumvi kali, chumvi nyingi kuliko dripu ya kawaida, ili kuzuia degedege lisirudi. Ubongo ulikuwa umevimba. Damu ikiwa na maji mengi kuliko chumvi, maji yanahama yanaingia kwenye seli, na seli zinajaa. Mguu ukivimba ngozi inatanuka, ila ubongo umefungiwa kwenye fuvu, utatanukia wapi.

Baada ya hapo ikatoka amri ambayo ilitaka kuivunja familia. Mgonjwa asipewe maji ila kwa kipimo, kidogo sana.

Mama mkubwa alisimama wima. "Mgonjwa ananyimwa maji? Joto hili? Amefungwa kwani?" Shangazi zangu wawili wakamuunga mkono, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikakaa upande wa pili wa akina shangazi. Usiku wa kwanza mmoja alikamatwa na chupa ya maji ya dafu ndani ya kanga. Alfajiri jirani akaleta kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi, imewekwa kwenye chupa safi kabisa, na imeletwa kwa upendo. Nikaenda kwa nesi nikanong'ona, sista, kombe linaruhusiwa?

"Kiasi gani?"

"Kama kikombe kidogo."

"Mpe. Ila maji ni maji, andika."

Kulikuwa na karatasi pale kitandani, upande mmoja kinachoingia, upande mwingine kinachotoka. Kazi ya kusoma kinachotoka nikapewa mimi. Mzee alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, unaishia kwenye mfuko wa plastiki umetundikwa chini ya kitanda, na mfuko ule una mistari. 100, 200, 300, inapanda hivyo. Nikawa nachuchumaa kila saa na tochi ya simu, nafuta unyevu kwa kidole ili nione vizuri maji yamefika wapi, nakumbuka maka peni yangu na roho inaniuma.

Siku ya pili mfuko ukaanza kujaa haraka. Kile kidonge cha kukojosha walikuwa wameshakisimamisha, figo zikafunguka, mzee anatoa mkojo kama bomba la mtaa lililorudishiwa maji. Sisi tukafurahi, mama mkubwa akasema alhamdulillah, uchafu unatoka. Daktari alipoiona ile karatasi akakunja uso. Akaagiza damu ipimwe tena, sodiamu imefika 126, akasema inapanda mbio mno, mpeni maji.

Mpeni maji!

Jana ananyimwa, leo anashikiwa glasi. Mama mkubwa alinitazama kama mimi ndiye ninayeendesha hospitali. Nikamfuata daktari kwenye korido, akanieleza kwa haraka huku anatembea. Zile siku ambazo chumvi ilikuwa inashuka, seli za ubongo hazikukaa bure, zilitoa nje sehemu ya chumvi na vitu vyao vingine ili zisipasuke. Zimeshazoea hali mbovu. Ukiirudisha damu juu kwa kasi, maji yanatoka kwenye seli ghafla, na ganda linalofunika nyaya za fahamu huko chini ya ubongo linaweza kuharibika, mtu akashindwa kusema au kumeza au kutembea, na hilo linajitokeza siku kadhaa baadaye wakati mmeshafurahi. Wao wanapenda ipande kama 8 hivi kwa saa 24, isizidi 10.

Kwa hiyo kumwua kwa maji inawezekana, na kumharibu kwa kumtoa maji haraka pia inawezekana. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikanunua kahawa, kikombe kimoja na kashata, nikakaa nacho mpaka kikapoa.

## Shamba la chumvi lingine

Baada ya mzee kuruhusiwa, sodiamu 134, nikaanza kusoma usiku dukani baada ya kufunga. Sisemi nimekuwa daktari. Nasema tu yale yaliyonifanya niweke simu chini na kutazama ukuta.

Figo mbili, kila moja kama ngumi yako, zinachuja maji karibu lita 180 kwa siku. Madumu 9 ya lita 20. Piga picha mkokoteni wa muuza maji umejaa, ndiyo kazi ya siku moja ya mtu aliyelala. Halafu mkojo unaotoka ni lita 1 na nusu hivi, labda 2. Yaliyobaki yote yanarudishwa kwenye damu, chujio zile ndogo, karibu milioni moja kwenye kila figo, zinamwaga kila kitu kwanza halafu zinaanza kuokota kimoja kimoja, hiki tunakitaka, hiki kipite. Mimi siku zote nilidhani figo ni kama kitambaa cha kuchujia tui, uchafu unabaki huku, safi inapita kule. Kumbe ni mtu anayemimina mkoba wote mezani ndipo achague cha kurudisha.

Na maji yanarudishwaje? Hapa ndipo niliposimama. Ndani kabisa ya figo kuna eneo la chumvi kali, kuliko damu mara 4 hivi. Mwili wenyewe unaijenga na kuilinda ile chumvi kwa vimirija vilivyopinda kama pini ya nywele, ambavyo Mjerumani mmoja anaitwa Henle alivieleza mwaka 1862, kabla wenzake hawajaja kupiga boma huku kwetu. Mkojo ukipita karibu na eneo lile, chumvi inayavuta maji yatoke kwenye mkojo yarudi mwilini. Ubongo ndio unaoamua. Damu ikikolea chumvi kwa asilimia 1 au 2 tu, ubongo unashtuka, unatuma homoni inayofungua njia za maji kwenye figo, mkojo unapungua na kuiva rangi, na kiu inakushika. Damu ikichujuka, homoni inakatwa, njia zinafungwa, maji yanapita yanaenda zake kibofuni, unakojoa mweupe.

Kwa maneno mengine kila mmoja wetu ana shamba la chumvi, na hata baba mkubwa hakujua kwamba analo jingine ambalo hajawahi kulipwa.

Sasa mbona halikumwokoa?

Figo nzima ya mtu mzima mwenye afya ina uwezo wa kutoa maji ya ziada kama lita moja kwa saa, ndiyo kiwango cha juu, kwa mzee inakuwa chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo lita 5 za kutwa si kitu. Nikajaribu kujitetea hapo, nikasema basi si mimi. Lakini ile inataka masharti, na masharti yote matatu baba mkubwa alikuwa hana.

La kwanza kidonge. Vidonge vile vya kukojosha, vya jamii inayoitwa thayazaidi, vinazuia figo isiokote chumvi sehemu moja ya mbele, na sehemu hiyo hiyo ndiyo figo inapochujulia mkojo, inaokota chumvi inaacha maji yapite. Ukiiziba, chumvi inatoka kwenye mkojo na figo inapoteza ule uwezo wa kutoa maji ya ziada. Mkojo wake ulikuwa mweupe nikafurahi, kumbe chumvi haina rangi, ilikuwa inapita mbele ya macho yangu. (Msije mkatupa vidonge vyenu vya presha kwa sababu ya blogu, nitawakana. Ni dawa nzuri inayosaidia watu wengi, ukiona dalili mwone aliyekuandikia.)

La pili jasho, hilo halihitaji maelezo.

La tatu ndilo lililoniumiza zaidi. Figo haiwezi kukojoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe vitu kidogo, chumvi, na yale mabaki ya nyama na samaki na maharage. Usipokula, figo haina cha kubebeshea maji, ni kama ferri imejaa watu na nahodha yupo ila hakuna mafuta. Mzee wangu alikuwa anaishi kwa chai na embe na uji. Kadiri alivyoacha kula ndivyo figo ilivyoshindwa kutoa, na kadiri maji yalivyojaa ndivyo kichefuchefu kilivyomzuia kula. Mimi nikaongeza madafu. Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Dripu ya kawaida ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa lita, dafu haliko karibu na hapo. Nililiita dripu ya Mungu, Mungu anisamehe, yeye hakuliita hivyo.

## Mvua

Nilipanga kumweleza mzee haya yote. Nilijiandaa, hata nilichora kwenye karatasi. Nikamkuta barazani amekonda, anachambua mchele kwenye ungo, kazi ambayo zamani asingeigusa. Nikaanza, baba mkubwa damu ina chumvi na maji, sasa maji yakizidi...

Akaniachia niende kama dakika mbili hivi, kisha akanyanyua mkono.

"Kumbe ilininyeshea mvua kwa ndani."

Nikanyamaza.

"Si ndiyo hivyo? Sisi tunaingiza maji ya bamvua, tunayafungia, jua linayala, unayahamisha bwawa hili mpaka lile yanazidi kuwa mazito, yakibaki fungu moja katika kumi ndipo unaona inaanza kushika chini. Sasa uko karibu kuvuna, mvua inanyesha usiku. Asubuhi ukienda, chumvi haijaibiwa na mtu, imo mle mle. Ila huwezi kuikwangua."

Yaani kile ambacho daktari alinieleza kwenye korido na mimi nikakisoma wiki mbili nzima, mzee alikuwa anakijua kwa miguu yake tangu ujana. Nikamwongezea kwamba kwake yeye nyingine iliibiwa pia, na kidonge na jasho. Akafikiri.

"Basi mvua na mwizi usiku mmoja."

Tukacheka wote. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, na ndicho hasa kilichonifanya nikae niandike.

"Mimi sikuwa na kiu, mwanangu. Tangu siku ya tatu nne hivi sikuwa na kiu kabisa, maji yananikataa. Nilikuwa nakunywa mstari."

Nikamwuliza kwa nini hukusema?

"Ulikuwa umechora."

Hapa sijui niandikeje. Kwetu mtoto hamwamrishi baba mkubwa. Nimemshauri mambo mengi miaka yote hii, apunguze sigara, ahamishie pesa zake kwenye simu, asipande bodaboda ya yule kijana, hakuwahi kunisikiliza hata mara moja. Mara hii akanisikiliza. Mwili wake ulikuwa na kipimo cha asilimia moja, kiu imeshazimwa, tumbo linarudisha, kila kengele iliyomo mwilini inapigwa, na yeye akaziweka zote pembeni kwa sababu kijana wa ndugu yake marehemu amejisumbua kusugua dumu. Nilikuwa najiona nampenda. Na kweli nilikuwa nampenda, hilo ndilo gumu.

## Walioko shambani

Nikaenda Nunge kuchukua vitu vyake, na wenzake wakanizunguka. Mmoja akauliza lililo wazi: sasa sisi tunywe nini, maji sumu?

Nilitamani kukimbia. Maana nilikuwa nimesoma pia upande wa pili wa stori. Kule Amerika ya Kati, El Salvador na Nicaragua, wakata miwa wengi, tena vijana wasio na presha wala sukari, figo zao zimekufa, na joto kali na kukaukiwa maji kazini ni kati ya vitu vinavyotajwa sana. Nikiwaambia hawa watu waogope maji nitakuwa nimechora dumu jingine, safari hii tupu.

Nikawatazama wanavyokula. Saa sita ile ugali mkubwa, mchuzi wa ng'onda wenye chumvi ya kukausha ulimi, maharage. Maji wanakunywa kwenye kopo la pamoja, mtu akisikia kiu anakwenda, akishiba analiweka. Hawa walikuwa juani na baba mkubwa siku zile zile, wanatoka jasho lile lile, wala hawakupata kitu. Tena mwili uliozoea jua unajifunza kubana, jasho la mzoefu lina chumvi kidogo kuliko la mgeni. Nikawaambia endeleeni hivyo hivyo, kuleni, kiu ikija kunyweni, mkojo ukiiva ongezeni. Mwenye vidonge, au aliyeambiwa ana figo au moyo, aende akaulizie kipimo chake yeye, na asikopi cha mwenzake. Na wazee muwaangalie kwa sababu kiu yenyewe inazeeka, mzee anaweza kukauka bila kuhisi.

Yule aliyeuliza akasema, "Kwa hiyo hujui."

Nikamwambia kiasi. Wala hakukasirika, alinipa kiti.

Na zile glasi nane, nilizifuatilia. Kuna mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 1945 uliotaja lita 2 na nusu kwa siku kwa mtu mzima, na pale pale, sentensi chache mbele, ukasema sehemu kubwa ya hayo maji imo tayari kwenye chakula. Wengi wanaamini ile namba ilitokea hapo na sentensi ya chakula ikaachwa njiani. Ugali, wali, mchuzi, embe, ni maji hayo. Juzi mteja kaja na flashi, anataka bango lile lile, A3, alamineti na kamba ya kutundikia. Nikafungua faili nikakaa nalo. Nilitaka kumwambia. Kuna watu wanne kwenye foleni, umeme una dalili za kukatika, nikaprinti. Shilingi zangu nikachukua.

## Dumu

Baba mkubwa amebadilishiwa kidonge. Haingii tena kwenye mabwawa, anakaa getini anahesabu viroba vinavyotoka, na analalamika kwamba kukaa kunamchosha kuliko kukwangua. Masika imeshaanza, huko Nunge hakuna cha kuvuna kwa sasa.

Nilitaka kulitupa lile dumu. Nikajaribu kwanza kuifuta mistari kwa spiriti, ile maka peni ni nzuri kwa kweli, imefifia tu. Mama mkubwa akaninyang'anya. Amelitia juisi ya ukwaju, anauza pale nje kwa glasi, na anasema mistari inamsaidia sana kuliko ilivyomsaidia mumewe: juisi ikishuka mpaka saa 8 ya dumu na saa 8 yenyewe bado haijafika, anajua siku hiyo biashara imekwenda.